Lalamiko Kuu la Parokia

Mimi si mwanahistoria. Nalisema mapema kwa sababu kitabu cha jubilei ya parokia yetu kina jina langu kwenye jalada, na watu wanaonisimamisha sokoni Mbinga kuniuliza Wangoni walipita wapi wamenichosha. Mimi ni tabibu mstaafu. Kwa miaka mingi nilifundisha wanafunzi wa utabibu namna ya kumhoji mgonjwa, kazi ambayo wenyewe tunaiita kuchukua historia: unaumwa nini, kumeanza lini, uliwahi kuugua nini, na kwenu nani mwingine anaumwa hivyo. Niliandika hata kitabu cha kiada, chembamba, cha kijani. Juu yake kuliandikwa kwa herufi kubwa MISINGI YA KUCHUKUA HISTORIA. Neno "mgonjwa" lilianzia ukurasa wa kwanza, ndani, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Paroko wetu mpya alikuja nyumbani Maguu kunisalimia, akakiona rafuni katikati ya vitabu vya malaria na upasuaji mdogo. Hakukifungua. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nikasikia kwamba parokia imempata mtaalamu wa historia, tena mtunzi wa vitabu, naye ndiye atakayeandika kitabu cha jubilei. Nikasimama kueleza. Watu wakapiga makofi wakidhani najishusha. Mke wangu, ambaye alijua ukweli wote, alijifunika khanga usoni akacheka mpaka baraka ya mwisho.

Ningeweza kukataa. Tatizo ni kwamba nilikuwa mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza hazoei kusema hajui. Nimekula firigisi za kuku kwa haki hiyo tangu utotoni. Nimewaamulia wadogo zangu shule, mashamba ya kahawa, na mmoja hata mchumba. Darasani, tulipofika kwenye historia ya familia, nilijitolea mfano mimi mwenyewe: mtoto wa ngapi? Wa kwanza. Nililitamka kama mtu anayetaja cheo.

Basi nikafanya kazi kwa njia ninayoijua. Nilianza na katekista mstaafu. Nilikusudia kumuuliza kanisa lilijengwa lini, lakini mdomo ukanitangulia, nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Mzee alikuwa akilisubiri swali hilo miaka mingi. Mgongo. Umeanza lini? Umeanza siku walipobeba mabati ya kanisa vichwani kutoka barabara kuu, gari lilipokwama kwenye tope, masika ya mwaka ambao binti yake wa tatu aliachishwa ziwa. Kumbe nilikuwa nimepata paa la kanisa, mwaka wake na hali ya hewa. Nikaendelea hivyo hivyo. Aliyenieleza kengele ilivyopandishwa mnarani ndiye aliyepata ngiri siku hiyo. Nyumba ya mapadre niliipata kupitia kikohozi cha fundi wa matofali. Mpaka kahawa inaiva nilikuwa na historia kamili ya parokia, na kila tukio lilikuwa na mgonjwa wake.

Paroko alisoma rasimu, ambayo sura yake ya kwanza niliiita "Lalamiko Kuu", jina tunaloipa shida iliyomleta mgonjwa, akaniuliza kwa upole kama hili ni kanisa au wodi ya wanaume. Tukakubaliana nipunguze magoti yanayouma, maana yalikuwa mengi.

Ilibaki zahanati ya misheni. Mkunga wake wa zamani, ambaye kwa mikono yake nusu ya kijiji tulizaliwa, alirudi kwao Lipingo alipostaafu. Nikateremka kwa basi dogo hadi Mbamba Bay, nikamalizia kwa bodaboda, nikamkuta kibarazani anachambua dagaa. Nikampa shikamoo. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nilipomtaja mama yangu, akakiinua.

Nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Alisema ugonjwa hana, ila ana jambo. Kule zahanati mtoto akizaliwa dhaifu na padre yuko mbali, yeye ndiye aliyembatiza, kwa maji ya birika yaliyopoa, kama kanisa linavyoruhusu. Waliopata nguvu walipelekwa kanisani wakaandikwa. Waliokufa saa ile ile hawakuandikwa popote. Padre wa wakati huo aliahidi kuwaandika, akahamishwa. Tangu hapo amewatunza kichwani mwake, na sasa kichwa kimeanza kuvuja.

"Nikiondoka mimi, wale hawakuwahi kuzaliwa," akasema. "Kama ni historia ya kanisa unayoandika, mwanangu, waandike."

Nikafungua daftari. Akawataja mama kwa mama, kilima kwa kilima, mikono ikiendelea na dagaa, nami nikiandika kwa mwandiko wangu wa mwalimu. Kisha akamtaja mama yangu, na mtoto mwenye jina langu. Nikamsahihisha taratibu, kama unavyomsahihisha mgonjwa anayechanganya dawa zake: huyo ni mimi, mama, na mimi nilipona, ndiye huyu uliye naye.

"Wewe ulikuja mwaka uliofuata. Ulilia mpaka ukanichosha. Huyu hakulia. Aliishi muda wa kuchemsha chai. Nilimbatiza kwa jina hilo unaloitwa wewe, na mama yako akakupa wewe lisipotee."

Mama yangu alifariki bila kuniambia. Nilitazama daftari, na jina langu, ambalo nimelisaini maisha yangu yote, likaonekana la mtu mwingine. Nililia pale kibarazani, mtu mzima na mvi zangu. Mkunga hakuninyamazisha. Aliendelea na dagaa wake mpaka nilipomaliza, ndipo akaagiza niletewe ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani, akasimamia nile.

Paroko aliisoma sura hiyo mara mbili. Akasema inamgusa, lakini watoto hao hawamo kwenye daftari la ubatizo, na historia inataka ushahidi. Nikamwambia kwamba nakubali mimi si mwanahistoria, nimelisema tangu siku ya matangazo na hakuna aliyenisikia. Lakini hili nimelifundisha.

"Baba Paroko, mgonjwa asiyeweza kusema, historia yake unaichukua kwa aliyemleta."

Kisha akaomba kalamu, na katika sura yote alisahihisha alama za mkato tu. Magoti yaliyobaki katika sura nyingine aliyafuta yote, na ngiri pia, jambo ambalo mwenye ngiri hajatusamehe mpaka leo.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mkunga Lipingo nikamsomea orodha. Alinisimamisha mahali pawili nilipokosea kilima, na nimeahidi kurekebisha. Nilimpigia simu mdogo wangu anayenifuata, nikamweleza kwamba mimi si wa kwanza. Aliuliza kaburi liko wapi, nikasema sijui. Kisha akauliza kama bado nitadai firigisi Krismasi. Nikamwambia aniachie moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kupima presha. Alinipokea mwanafunzi wa utabibu, kijana mwenye adabu, kitabu changu cha kijani kikichungulia kwenye mfuko wa koti lake. Hakunijua. Akaniuliza ninasumbuliwa na nini na kumeanza lini, kwa mpangilio ule ule, mpaka akafika kwenye familia.

"Mzee, wewe ni mtoto wa ngapi?"

"Wa pili," nikasema.

Akaandika, akahamia swali linalofuata. Ningekuwa bado namfundisha, ningemrudisha: mtu akikwambia wa pili, muulize habari za wa kwanza.