Kitabu Kilichonyooshwa

Wodi nzima ya wazazi ilimwogopa sista mkuu. Manesi wapya wakisikia viatu vyake koridoni walificha simu, na wakunga walitania kwamba hata vichanga wakimwona hulia kwa adabu. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya lile jalada la mwongozo wa chanjo, alilokuwa akilisoma saa ya chai kwa uso wa kufukuza kunguru, mlikuwa na katuni.

Zilikuwa manga, vitabu vya michoro vya Kijapani, ambavyo hufunguliwa pale wengine tunapomalizia na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Cha kwanza alikiokota kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Alikifungua ili amcheke mwenye kukisahau, akajikuta amepitiliza saa ya kwenda nyumbani. Kilihusu kaka na dada waliopotezana sokoni wakiwa wadogo, wakatafutana maisha yao yote. Tangu hapo alikuwa amekusanya juzuu nane, na katika zote wale ndugu walipishana: huyu akishuka garini, yule anapanda. Ilibaki ya tisa, ya mwisho. Je, walikutana? Swali hilo lilimkosesha raha kuliko jambo lolote la kazini.

Shida ni kwamba juzuu hiyo haikuchapwa tena. Dalali mmoja wa mtandaoni alikuwa nayo, kwa bei ambayo ungedhani anaiuza pamoja na nyumba ilimokuwa.

"Mama, si ununue tu uishe?" binti yake alimwambia. "Hela unayo."

"Hela ninayo, wazimu sina."

Yeye alikuwa na njia yake. Nyuma ya posta kulikuwa na muuza vitabu vya mitumba aliyeitwa Miwani, kwa ajili ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Manga zilimfikia ndani ya marobota, zimechanganyika na vitabu vya mapishi na vya kodi, naye hakujua ni kitu gani. Siku ya kwanza kabisa sista aliinua kimoja kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu.

"Kaka, hiki mbona kimefungwa kinyume? Mwanzo uko mwishoni!"

Miwani alikigeuza, akakigeuza tena, akaona aibu. "Kweli, dada. Hawa wa kiwandani walilewa. Basi chukua kwa bei ya karatasi."

Sista aliguna, akakichukua kama anayemsaidia. Kesho yake hivyohivyo, mwaka ule na uliofuata. Kila alipopata kizuri alikiponda zaidi, na kadiri alivyokiponda ndivyo bei ilivyoshuka. Juzuu ya nne, ambayo watu wa nchi nyingine waliitafuta kwa udi na uvumba, aliipata kama nyongeza juu ya kitabu cha kufuma. Alirudi nyumbani akiimba. Huyu ndiye yule aliyewaambia wajawazito kila siku, bila kutabasamu, kwamba mficha uchi hazai.

Siku moja Miwani alimpigia simu. Kuna kitu chake, aje haraka. Sista alikabidhi wodi, akavuka barabara mbio, kisha akapunguza mwendo kwenye kona ili afike na uso wake wa kudharau.

Miwani alikuwa amesimama, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimpa kitabu chenye jalada gumu jeusi, bila picha wala maandishi. Sista hakuelewa. Akakifungua upande wake wa siku zote, ule wa kuanzia.

Wazee wawili wenye mvi walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wameshikana mikono. Chini yao palikuwa na neno moja: Mwisho.

Basi walikutana. Miaka yote ile ya kungoja, na jibu lilimwingia machoni kabla hajavuta pumzi.

"Nimekunyooshea," alisema Miwani, akishindwa kuzuia furaha. "Kilikuja kinyume kama vyote. Nikakipeleka kwa fundi wa majalada, akakikata mgongo, akapanga kurasa upya, akachonga na kingo zikae sawa. Lile jalada la picha tumelitupa, lilikuwa limekosewa pia. Sasa utasoma kama watu wengine."

Sista alipekua. Kisu cha fundi kilikuwa kimepita na nusu ya maneno ya pembeni.

"Nikulipe nini, kaka?" sista aliuliza.

"Unilipe?" Miwani alivua miwani yake. "Dada yangu, mimi nimekuuzia vitabu vibovu miaka yote hii, na hujawahi kunirudishia hata kimoja. Unajua nilikuwa silali vizuri? Nilisema, huyu mama ana moyo, ipo siku nitamtengenezea kimoja kizima. Na vile vingine ulivyonavyo nyumbani, vilete. Fundi nimeshaongea naye, atavinyoosha vyote, gharama ni yangu."

Sista mkuu, ambaye wodi haikuwahi kumwona akitoa chozi, alilia palepale barabarani, kitabu amekikumbatia kifuani. Alitaka kusema ukweli, akafungua mdomo, akauona uso wa yule mtu, akaufunga.

Miwani alimgeukia mteja aliyekuwa akichagua kamusi. "Unaona?" alisema kwa sauti ya chini. "Mtu mwenye shukrani humjui mpaka umtendee wema."