Upande wa Nyuma wa Kibao

Marais huja wakaondoka, lakini matundu ya skrubu kwenye milango ya wizara ni yaleyale, na mtu aliyezifungua na kuzikaza skrubu hizo kwa miaka ishirini na sita alikuwa mmoja. Walimwita Fundi Vibao. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo: meza, jiliwa la kubania shaba, taa ya shingo ndefu, na dirisha dogo lililoingiza vumbi zaidi kuliko hewa. Humo ndimo yalimochongwa majina ya wakubwa wote wa nchi, kwenye shaba, kila kibao shibiri mbili kwa urefu.

Shaba ni ghali, na serikali haikosi ubahili linapokuja suala la vitu vidogo. Kwa hiyo kibao hakitupwi. Mkubwa akifukuzwa, fundi hukifungua kibao chake, hukigeuza, husugua upande wa nyuma kwa msasa na dawa mpaka ung'ae, kisha huchonga jina la mkubwa mpya. Jina la zamani hubaki palepale, limelala kifudifudi kwenye mbao za mlango. Wakubwa wengi hawakujua kwamba walikuwa wakilala mgongo kwa mgongo na watu waliowang'oa. Fundi alijua, na mdogo wake alijua, kwa sababu fundi alimsimulia kila alipotaka kucheka.

Jambo la pili alilojua fundi lilikuwa kubwa zaidi. Chini ya marais watatu utaratibu ulikuwa mmoja: siku mbili kabla ya uteuzi kutangazwa, afisa wa itifaki alimletea bahasha yenye majina, mlango mmoja jina moja, ili redio ikimaliza kusoma tu vibao viwe tayari. Basi fundi alijua nani ni waziri kabla waziri mwenyewe hajajua. Wasaka vyeo walikuja kumpigia magoti wakisingizia kwamba wanatafuta kioo cha dirisha. Wote aliwajibu neno moja: "Mimi nachonga tu. Sijui kitu." Alijivunia mdomo wake uliofungwa mpaka akawachosha watu kwa kuusifia, na mtu anayesifia ukimya wake kila siku si wa kuaminiwa sana, lakini hilo ni langu mimi msimulizi.

Mdogo wake huyo alikuwa mhandisi, Naibu Mkurugenzi katika Wizara ya Maji. Baba yao alikufa akiwa tarishi wa wizara hiyohiyo. Miaka thelathini alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa Katibu Mkuu, akingoja kengele ilie abebe faili. Alipofariki, fundi aliacha shule akashika nyundo ili mdogo wake ashike kalamu. Hakuwahi kulisema hilo mezani. Ila usiku akifumba macho alikuwa na ndoto moja tu, ambayo hakuionea aibu: jina la baba yao, ambalo ndilo jina la mwisho la mdogo wake, liwe juu ya mlango ule, na mtu mwingine akae kwenye benchi.

Mdogo mtu alikuwa ametumikia miaka kumi na mitano chini ya Mkurugenzi mmoja asiyejua bomba linaingilia wapi wala linatokea wapi, lakini aliyejua vizuri nani wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Mdogo mtu aliandika ripoti, Mkurugenzi akatia sahihi. Mdogo mtu alifanya hesabu za mabwawa, Mkurugenzi akapigwa picha kwenye mabwawa.

Kisha rais mpya akashinda. Mji mzima ukapiga pasi suti. Wanaume wazima wakawa wanakwenda chooni na simu mkononi, wasije wakaitwa wakakosekana. Kila asubuhi magazeti yalichapa orodha ya watakaoteuliwa, na kila orodha iliitukana ya jana. Rais alisema atateua kwa uwezo, si kwa kujuana, na akaunda kamati ya kuchuja majina. Mdogo mtu aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa maswali kwa saa mbili, akayajibu yote. Baada ya hapo, kimya cha wiki tatu. Ngojangoja ile ilimkondesha mpaka kola ikamzidi shingo.

Siku bahasha ilipofika, aliyeileta alikuwa afisa mpya wa itifaki, mtu mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona. Ndani mlikuwa na majina kumi tu, wakati zamani yalikuwa yakija thelathini. Fundi aliuona uchache huo, akajieleza mwenyewe kwamba rais ameahidi kupunguza serikali, basi ndiyo hii imepungua. Halafu akasoma jina la saba. Katibu Mkuu, Wizara ya Maji. Jina lilikuwa la mdogo wake.

Fundi alianza na kibao hicho, kwa shaba mpya maana cha zamani kilikuwa bado mlangoni, akaacha vingine vyote. Alichonga herufi moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye jina la baba yao, hakupuliza vumbi la shaba kama kawaida. Alilifuta kwa kiganja, taratibu.

Jioni ileile mdogo wake akaingia karakanani uso umemshuka. Siku hiyo Mkurugenzi alikuwa amemtuma chai mbele ya makarani, mhandisi mzima, kisha akairudisha kwamba ina sukari nyingi. Alisema amechoka. Alisema amesikia jina lake limekatwa, na kesho ataandika barua ya kustaafu mapema akafuge kuku. Fundi alijiuma ulimi. Aliokota msasa, akauweka, akauokota tena. Miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Lakini mtoto uliyemlea akikaa mbele yako anatafuna kucha, mdomo una kazi gani tena ya kulindwa? Akavuta droo.

Mdogo wake alikishika kibao kwa mikono miwili.

"Kaka, hiki ni cha kweli?"

"Sijawahi kuchonga kibao cha uongo," fundi alisema. "Funga mdomo siku mbili. Siku mbili tu, mdogo wangu."

Siku mbili, kwa mtu aliyefunga mdomo miaka kumi na mitano. Ungedhani ni jambo dogo. Hakufika hata saa nne ya asubuhi iliyofuata. Kwenye kikao cha idara Mkurugenzi alimkata kauli kama ilivyokuwa ada yake, na mdogo mtu akasimama. Akamwambia kwamba tangu aingie ofisini hajaandika ripoti hata moja ya kwake, na hata akiulizwa maji yanachemka kwa nyuzi ngapi itabidi atume mtu. Makarani wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Kisha akaongeza lile la kumalizia: "Keshokutwa utakuja mlangoni kwangu, na utakaa kwenye benchi mpaka nikuite." Mkurugenzi alifunga faili lake, akaomba radhi, akatoka nje kupiga simu.

Jioni mdogo mtu alimsimulia kaka yake kisa chote huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Fundi akafunga dirisha. Akamkumbusha kwamba wahenga walikataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo.

"Uzazi umekwisha, kaka," mdogo wake alisema. "Mtoto umemwona mwenyewe."

Siku ya kutangazwa ilikuwa saa saba mchana. Sebule ya mdogo mtu ilifurika ndugu, majirani, na watu ambao tangu mwaka jana hawakumjibu salamu. Mwenyewe alivaa suti mpya ya kijivu. Mkewe, shemeji yake fundi, alikuwa amekwisha kumgawia jirani viti vyake vya zamani, kwa kuwa nyumba za serikali zina viti vyake, na alikuwa amemweleza jirani huyo kwa upole kwamba kuonana kutakuwa kwa nadra. Fundi alikaa karibu na redio. Wizara zilisomwa moja moja. Ilipofika Maji, msomaji alitaja Katibu Mkuu, na jina alilolitaja lilikuwa la Mkurugenzi.

Mtu mmoja aliongeza sauti ya redio, kana kwamba jina lingine lilikuwa humohumo ndani halijasikika vizuri. Msomaji akaendelea na Wizara ya Kilimo. Wageni wakaanza kukumbuka vyungu walivyoviacha motoni. Jirani wa viti aliondoka wa kwanza, asije akadaiwa. Mdogo mtu alimtazama kaka yake, na fundi aliona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alitamani mdogo wake amtukane.

Kesho yake afisa wa itifaki alikuja karakanani. Alinong'ona kwamba kibao cha Katibu Mkuu wa Maji, kilichochongwa kwingine, kilikatwa kifupi, matundu hayafiki. Akamtaka fundi alete kile alichochonga yeye, akigeuze, achonge jina jipya nyuma yake.

"Kwani mlitoa majina mangapi?" fundi aliuliza.

"Matatu kwa kila mlango, milango thelathini, mafundi tisa, kila mmoja majina kumi. Yanakwenda kwa Rais matatu, yeye anachagua mwenyewe kwa siri. Vibao vyote vinakuwa tayari, na fundi yeyote akivujisha, anavujisha upepo." Alionekana kuupenda sana utaratibu huo.

Basi fundi alikuwa amechonga bahati nasibu akaiita cheo. Angalau, alijiambia, mdogo wake alikuwa mmoja wa watatu, na kura haikumwangukia. Hilo mtu anaweza kulimeza. Lakini afisa alikuwa hajamaliza.

"Huyu wako ndiye aliyekuwa amechaguliwa," alinong'ona, akigonga kibao kwa ukucha. "Alikuwa amekwisha kutiwa alama. Juzi saa nne na nusu ikaja simu kwamba kuna mtu anatangaza uteuzi wake kwenye kikao kabla Rais hajafungua kinywa. Rais akauliza ni nani, akatajiwa, akamkata. Aliyepiga simu ndiye akapewa, kwa uaminifu wake." Akamtazama fundi kwa muda mrefu. "Sijui habari alizipata wapi mtu yule. Wewe unajua?"

"Mimi nachonga tu," fundi alisema. "Sijui kitu."

Afisa alitabasamu. Akamwambia kwamba kuanzia sasa kazi zote za wizara zitakuja kwake peke yake, maana serikali inahitaji watu wanaojua kunyamaza. Akatoa bahasha ya pili, ndogo, akaiacha mezani. Ilikuwa na agizo la kibao kimoja, cha mlango wa Naibu Mkurugenzi wa Maji, na jina lililoandikwa humo halikuwa la mdogo wake.

Fundi alichonga vyote viwili. Aligeuza kibao, akakibana kwenye jiliwa, jina la baba yake likaangalia sakafu, akaanza kusugua. Mkono uliozoea kazi hauna aibu.

Asubuhi iliyofuata alipanda ngazi za wizara na mfuko wake begani. Kwenye benchi, nje ya mlango wa Katibu Mkuu, alimkuta mdogo wake ndani ya suti ya kijivu. Alikuwa ameitwa saa mbili kamili, na sasa ilikuwa saa tano. Katibu Mkuu mpya alikuwa ndani, anasoma magazeti, na mara mbili mhazili alitoka kumwambia mhandisi aendelee kusubiri. Benchi lilikuwa lilelile la baba yao, limepakwa rangi upya.

Fundi alisalimia, akatoa bisibisi. Akakaza skrubu ya kwanza, akakaza ya pili.

"Nyuma kuna nani, kaka?" mdogo wake aliuliza.

"Mtu wa zamani."

Mdogo mtu akatikisa kichwa. Alikitazama kibao kikisogezwa kwenye mbao, upande mmoja ukimwangalia yeye na mwingine ukimezwa na mlango. Halafu akainama mbele, akashusha sauti, kama walivyokuwa wakifanya wote waliosingizia kutafuta vioo.

"Kaka, wewe ndiye unayejua kabla ya watu. Wataniacha hata pale nilipo? Nina watoto. Niambie tu, nijue naingia humo kwa kupiga magoti au kwa kusimama."

Kibao cha pili kilikuwa ndani ya mfuko, kimefungwa kwa gazeti, kimeegemea mguu wa benchi. Neno moja lingetosha. Mtu angeinuka, angekwenda nyumbani na heshima iliyobaki, angeandika ile barua yake ya kustaafu na kufuga kuku. Fundi alikaza skrubu ya tatu. Alikaza ya nne. Mara moja tu maishani alifungua mdomo, na tazama ulivyoiponza nyumba ya nduguye. Sasa mdomo haukutaka kufunguka tena.

"Mimi nachonga tu," alisema. "Sijui kitu."

Mhazili akafungua mlango, akamwita mhandisi. Mdogo mtu alifunga kifungo cha koti na kuingia, na mlango ulipofungwa, fundi tayari alikuwa amemsikia akianza kuomba msamaha. Alichukua mfuko wake, akashuka ghorofa moja, akasimama mbele ya mlango mdogo wa mwisho wa ukumbi. Kibao cha hapo alikichonga mwenyewe miaka saba iliyopita, akakipaka dawa mara tatu. Akaanza kukifungua haraka, ili mdogo wake atakaposhuka, yeye awe amekwisha kuondoka.