Mafiga ya Mavyaa

Mimi nilikuwa mgomvi, na sisemi hivyo kwa kujuta. Katika mtaa wetu wa Bagamoyo hakuna mwanamke aliyeniweza kwa maneno. Pumu peke yake ndiyo iliyoniweza. Ikinipanda, maneno hukatika katikati, na mtu aliyebaki na nusu ya tusi hana la kufanya ila kukaa kitako.

Wa kugombana naye nilikuwa naye humo humo nyumbani. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alirudi kwetu baada ya kuachika, na makasha yake mawili na ulimi usiopungua wangu. Tuligombana kwa chumvi, kwa zamu ya kisimani, kwa namna ya kukuna nazi. Nikianza kukohoa yeye hunyamaza, akaniletea mto wa kuegemea, akasema, "Pona kwanza, wifi. Tutamaliza." Na kweli, siku nikipona alianzia pale pale tulipoachia.

Kipupwe ndicho kilichonitesa zaidi, misafara ya bara inapoingia na mji ukajaa vumbi. Siku tatu, nne, nililala nimekaa, nikasali nimekaa. Jirani akija kuniuliza hali, na watoto, na shamba, jibu langu lilikuwa "njema" moja tu, na kwetu mtu wa "njema" moja huambiwa anaringa. Wengine walinizungumza mbele yangu, "maskini, amekwisha," utadhani nimeshatiwa jenezani. Hilo liliniudhi kuliko pumu yenyewe.

Mume wangu akamwita mwalimu mmoja mwenye dawa. Akanifunika shuka na kunifukizia ubani na majani makavu, nikawa sioni wala sipumui. Wifi ndiye aliyekipiga teke chetezo.

"Mwalimu, nisamehe," alisema, "lakini moshi ndio unaomuua, nawe wamwongezea?"

Tangu siku hiyo akawa analitazama sana jiko. Kilikuwa chumba cha giza nyuma ya nyumba, kuta nyeusi, nasi tulichoma kuni za mikoko. Mafiga yake matatu aliyaweka mavyaa, mama wa mume wangu na wifi, na siku nilipoingia nyumba ile alinishika mkono akanikalisha mbele ya mafiga hayo. Nilijihesabu mke wa nyumba kuanzia pale, si kuanzia siku ya ndoa.

"Wifi, toka humo," akaniambia siku moja. "Nitapika mimi."

Nikaelewa. Ameachwa kwake, sasa ataka kwangu. Nilimwambia nitafia mbele ya mafiga yale, na nilikuwa na mengine ya kumwambia, lakini kikohozi kikanikaba.

"Pona kwanza," akasema.

Safari hii nililala siku tano. Nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja jikoni, nimeshika ukuta. Mafiga hayapo. Palibaki mashimo matatu ya majivu. Damu ikanichemka, nikatoka uani.

Wifi alikuwa amepiga magoti mchangani, masizi mpaka viwikoni, moto umeshawaka. Nilianza na pua yake. Nikaja kwenye mapishi yake, nikamalizia na mumewe, kwamba yule bwana alimwacha kwa busara na mimi namwombea dua. Yeye ananitazama mdomo tu. Nilipomaliza nikasubiri kikohozi, kama kawaida yangu. Hakikuja.

Hapo ndipo nilipoona vizuri. Mafiga ya mavyaa yalikuwa yamepandwa karibu na ua, kwa mpangilio ule ule, juu yake paa dogo la makuti lisilo na ukuta hata mmoja. Upepo ulikuwa ukiuchukua moshi na kwenda nao zake. Na mbele ya mafiga kilikuwapo kibao cha kukalia. Kilikuwa changu, si chake.

Pumu haikuniacha, nisidanganye. Hunipanda hadi leo, ila mara chache, na huniachia upesi. Lakini asubuhi ile nilisimama na pumzi yangu yote, nimeona haya.

Wifi alikuwa akilia na kucheka, amejipaka masizi usoni.

"Umemaliza," alisema. "Miaka yote hii, leo umemaliza. Rudia, wifi. Rudia lile la mume wangu."

Nikakaa kwenye kibao changu, nikalirudia lote, mpaka wali ukaiva.