Mtoto Aliyefupika

Saa tatu asubuhi, Shangazi Kipimo anabisha hodi kwenye nyumba ambayo, anakiri, anaiogopa tangu mwaka jana. Begani ana mizani, mkononi penseli.

Jina hilo amebandikwa na watoto. Kazi yake ni kuwatembelea majumbani kila mwaka, tangu wakiwa wachanga hadi wanapobalehe. Huwapima kimo na uzito, huwauliza wanalalaje, rafiki yao nani, wanaogopa nini. Watafiti waliomwajiri wanataka kujua utoto unamjengaje mtu. Yeye ana raha yake nyingine: kumchorea kila mtoto mstari wa kimo chake kwenye fremu ya mlango wa kwao.

Mwaka jana, humu ndani, nusura atimue mbio.

Mama wa nyumba hii alimleta binti yake kama kawaida. Gauni lile lile. Rafiki yako nani? Akamtaja yule yule. Unaogopa nini? Giza la jikoni, kama siku zote. Lakini kichwa kiligota chini ya mstari wa mwaka uliotangulia.

"Nikapima tena na tena," anasema. "Watoto wananenepa, wanakonda, lakini hawafupiki jamani! Nikamgeukia mama yake. Akaniambia taratibu, 'Andika tu, dada.'"

Mtoto wa utafiti alikuwa amefariki kwa homa miezi kadhaa nyuma. Aliyesimama mlangoni alikuwa mdogo wake anayefanana naye, aliyefundishwa kuitikia jina la marehemu na kutoa majibu yake yote.

"Ningewaambia hayupo, nani angeliita tena jina lake?" mama anasema, akiinama. "Wote walishanyamaza. Nyie tu ndio mlikuwa bado mnamuulizia."

Shangazi aliwaeleza wakubwa wake ukweli, na nyumba hii ikaondolewa kwenye ratiba. Leo amekuja kwa hiari yake, siku ya mapumziko, kwa ajili ya huyu aliyebaki. Ukimwita kwa jina lake mwenyewe, binti huyu hugeuka kwanza kutazama nyuma. Inauma kumwona.

Shangazi anamchorea mstari wake wa kwanza, upande wa pili wa fremu. Jina la kuandika, mama analitamka mwenyewe, kwa taabu.

"Nitakuja kila mwaka mpaka awe mtu mzima," Shangazi anasema akifunga begi. "Nataka akue yeye kama yeye."

Binti habanduki mlangoni. Anagusa mstari wa mwisho wa dada yake, ulio juu kidogo ya wake.

"Shangazi, nikimpita, yeye ndiye atakuwa mdogo wangu?"