Tela Mbili Hazirudi Nyuma

Miaka yote aliyoendesha malori ya safari ndefu walimwita Masafa, na jina hilo lilimkaa kama shati la kupimwa. Ukimuuliza mpaka gani una foleni mbaya, au kituo gani kina bafu la maji ya moto, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Nyumbani alikuwa akiondoka mtoto anatambaa, akirudi anamkuta anakimbia, tena anamkimbia yeye.

Basi kulikuwa na madereva wa aina moja ambao Masafa na wenzake hawakuwaacha wapite salama. Ni wale wanaovuta tela mbili, moja nyuma ya nyingine. Hao hutoka yadini asubuhi, hukutana katikati ya njia na dereva wa mji wa pili, hubadilishana tela, kisha kila mmoja hugeuka akarudi kwake kulala. Masafa ndiye aliyewabatiza. Aliwaita Mabibi Harusi, maana wanaburuta shela ndefu, na jioni sharti wawe nyumbani. Kituo kizima cha malori kilicheka siku ile, na aliyecheka kupita wote alikuwa rafiki yake Sufuria, mpaka akaiweka chini chai yake isimwagike.

Sufuria alipewa jina hilo kwa sababu ya sufuria kubwa ya bati aliyoining'iniza nyuma ya kichwa cha lori lake. Popote foleni ilipolala, yeye alipika, na aliyenusa alikaribishwa. Kuna safari Masafa alishikwa na homa katika foleni ya mpakani, akawa hajui mchana wala usiku. Sufuria akawa anasogeza lori lake mbele hatua chache, anashuka, anarudi kwa miguu, anapanda la Masafa na kulisogeza nalo, asije mwenzake akapoteza nafasi. Aliyavusha malori yote mawili hivyo hivyo, na katikati ya hayo akamlisha supu kwa kijiko kama mtoto.

Sasa, mambo yaligeuka siku moja Masafa yuko nyumbani anapumzika, mkewe anakunja nguo.

"Mimi niliolewa na mtu," mkewe akamwambia, wala hakupandisha sauti. "Siku hizi naona nimeolewa na simu. Na simu yenyewe kila mara haina chaji."

Masafa alicheka, akaona anacheka peke yake. Haukupita muda mrefu akaomba kazi kwenye yadi ya tela mbili, akaipata.

Aliyemfundisha alikuwa mwanamke wanayemwita Mama Pacha, na pacha wake wa kweli walikuwa tayari shule ya sekondari. Alimfundisha tela nzito ikae mbele na nyepesi ikae nyuma, na usukani ushikwe kwa upole, kwa sababu mkono ukishtuka mbele, mkia wa nyuma unacharaza barabara nzima. Masafa, aliyekuwa akiitwa na wenzake awaingizie malori kwa rivasi mahali pembamba, alisimama akisikiliza kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa.

"Ukisahau yote, shika hili moja," Mama Pacha alimwambia. "Hizi hazirudi nyuma, kaka. Ukijaribu rivasi zinajikunja kama mkasi. Ukishapita, umeshapita."

Kule kituoni Masafa hakusema ukweli. Alimpigia Sufuria simu akamweleza kuwa mgongo umemsumbua na daktari amemweka kando kwa muda. Sufuria alimwonea huruma kweli, akamtajia na dawa ya kuchua. Kuanzia hapo kila asubuhi Masafa alipokaribia kituo alishusha kizuia jua, akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akapita ameangalia mbele kama mtu anayefuata msiba. Mara nyingine lori lililoegeshwa lilimmulika taa. Hakujibu. Alijua anachekwa, kwa sababu yeye angecheka.

Nyumbani hali ilikuwa nzuri, na uzuri huo ulimkera. Alikula na watoto. Bintiye mdogo alizoea kumvua viatu mlangoni. Usiku mkewe alipomuuliza kazi inaendaje alisema inaenda, akageukia ukutani.

Asubuhi moja alikuwa anapanda mlima ulio mbele ya kile kituo, tela zote zimejaa, lori linakwenda kama linahesabu mawe. Mbele akaona pembetatu nyekundu barabarani, kisha lori limesimama, na nyuma ya kichwa chake sufuria ya bati inang'aa. Sufuria alikuwa amesimama kando ya tairi. Alipoona lori linakuja aliinua mkono, ule mkono wa dereva anayemwomba dereva mwenzake.

Mguu wa Masafa uligusa breki. Kisha akauona mgongo wake ulioumwa kwa uongo, akawaona Mabibi Harusi, akakisikia kicheko cha kituo kizima. Mguu ukarudi kwenye mafuta.

Kama ingekuwa tambarare angepita upesi, aibu ikapungua. Lakini ulikuwa mlima. Alimpita rafiki yake polepole kiasi cha kuhesabu vifungo vya shati lake, kofia imemfika puani, macho yamekwama mbele. Ikapita tela ya kwanza, ikapita na ya pili. Kwenye kioo cha pembeni aliuona ule mkono ukibaki juu, kisha ukashuka taratibu.

Alijiambia kwamba lori la tela mbili halisimamishwi mlimani. Alijiambia kwamba ameshapita na kurudi nyuma hakuwezekani, si ndivyo alivyofundishwa? Alijiambia hayo mpaka kwenye uwanja wa kubadilishana, ambako Mama Pacha alikuwa amefika mapema na anagonga matairi kwa nyundo. Akamtazama Masafa, akamuuliza kama ni mgonjwa. Masafa akasema kuna mtu anamfahamu ameharibikiwa pale mlimani, ila nafasi ya kusimama haikuwepo.

"Si pale kileleni kuna bega pana, kulia na kushoto?" Mama Pacha akasema. "Mimi husimama pale kukagua mnyororo."

Masafa alisema hakupaona. Alikuwa amepaona. Miaka yote alipaona. Mama Pacha akaendelea na nyundo yake, na kila pigo Masafa aliliona limemlenga yeye.

Kurudi, njia ilikuwa ile ile, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Njia nzima alitaka mambo mawili yasiyopatana: amkute Sufuria bado yupo apate kumsaidia, na asimkute kabisa. Alipofika kileleni, kule chini ile sufuria ya bati ilikuwa inang'aa bado.

Akaegesha kwenye lile bega pana, akawasha taa za dharura, akatoa kwenye sanduku lake bomba la akiba la hewa na spana, akaanza kushuka kwa miguu. Sufuria alikuwa ameifudikiza sufuria yake kando ya barabara na kuikalia, anamtazama. Hakuinua mkono safari hii. Alimwacha ashuke mlima wote.

"Bomba la breki?" Masafa akauliza alipofika, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa rahisi kusema.

"Limepasuka. Hewa yote imetoka, magurudumu yameshika kabisa." Sufuria akasogea kumpisha. "Mgongo unaendeleaje?"

Masafa akainama chini ya tela, akaanza kulegeza nati. Mikono ilijua kazi, hivyo ulimi ukabaki hauna pa kujificha.

"Sikuumwa mgongo."

"Najua. Kituo kizima kinajua tangu wiki yako ya kwanza. Tunakumulika taa za salamu, unatupita kama tunakudai."

"Nilidhani mnanicheka."

"Tulikucheka siku mbili tatu, bwana, tukachoka. Wewe una kipi cha kuchekwa mwezi mzima?"

Masafa akafunga bomba jipya, akalikaza, akaendelea kulikaza hata lilipokwisha kukazika. Kisha akauliza lile alilokuja nalo kutoka kileleni. "Asubuhi ulinijua?"

"Ukitaka kujificha, mzee, vua kwanza kofia niliyokununulia mimi."

Masafa akashika kofia, asijue aivue au aiache.

Akauliza, kwa sauti ya chini, kama hakuna mwingine aliyesimama kumsaidia siku nzima. Sufuria akamwambia walisimama wengi, na mmoja alikuwa na bomba kama lile lile. Aliwashukuru, akawaambia waende zao.

"Niliwaambia nina mtu wangu," alisema. "Kanipita sasa hivi, jioni atarudi. Kazi yake siku hizi si ndiyo kurudi?"

Alilisema kama utani, lakini macho hayakuwa ya utani. Masafa alitamani atukanwe. Mtu akikutukana mnalingana, unaweza hata kumjibu. Alibaki amechuchumaa chini ya tela, spana mkononi.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema mwishowe.

"Toka chini ya gari kwanza. Sitaki kusamehe miguu."

Lori likawashwa, hewa ikajaa, breki zikaachia kwa ule mlio wa kupumua. Sufuria akaining'iniza sufuria yake, akampa mkono wenye grisi, akaondoka kuelekea mpakani. Masafa akapanda mlima kwa miguu hadi kwenye tela zake. Nyumbani alichelewa. Bintiye alikuwa amesinzia mlangoni akisubiri viatu, na mkewe alipouliza kulikoni, safari hii hakugeukia ukutani. Alimweleza yote, hata ile sehemu ya mkono uliobaki juu.

Asubuhi alipokaribia kituo, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kizuia jua. Akaurudisha. Kofia aliiweka kwenye kiti cha pembeni. Jua likampiga usoni barabara, macho yakamtoka machozi, na malori mawili yaliyoegeshwa yakammulika taa. Naye akamulika, uso umemwiva kwa haya, akawapita polepole, tela ya kwanza, kisha ya pili, mpaka wote wakawa wamemwona.