Mpaka Uliopita Kwenye Skrini ya Judica

Mimi ni fundi cherehani hapa Katesh, na chumba changu nimegawana na Judica, ambaye kazi yake ni kusema uongo kwa picha. Yeye huiita kuhariri video. Mimi nakaa mlangoni na cherehani, yeye anakaa ndani na kompyuta yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Wateja wake lazima wapite mbele yangu, kwa hiyo dhambi za wilaya hii nazijua kabla ya padri.

Judica ni binti aliyezaliwa Haydom, ana miaka thelathini na mmoja, na hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza kwenye simu, akirudia video moja mpaka bando liishe. Huko ndiko alikookota maski. Maski, kwa wale mliobahatika kutoijua, ni kuchora mstari kumzunguka mtu kwenye picha, ukamkata kama ninavyokata kitambaa, ukamhamishia mahali ambako hakuwahi kukanyaga. Kugawa skrini ni rahisi zaidi: unachukua video mbili, nusu ya hii na nusu ya ile, unazishona katikati.

Watu wetu waliupokea ufundi huo kwa moyo mmoja. Bwana harusi mmoja alitaka mjomba wake mlevi afutwe kwenye sherehe nzima; akafutwa, ikabaki chupa inatembea yenyewe. Mgombea mmoja, jina nalihifadhi kwa usalama wa biashara, alikuwa na mkutano wa watu arobaini. Judica akawafanya mia na ishirini, na mama mmoja mwenye mwavuli wa bluu akawa anapiga makofi sehemu tatu kwa wakati mmoja. Mgombea alifurahi sana. Kwa bahati mbaya, siku ya kura yule mama alikuja peke yake.

Ndipo akaja Bibi Efrazia wa Nangwa.

Bibi Efrazia ana wana wawili, Maximilian na mdogo wake Isidori, wanaume wenye wajukuu, wenye mashamba yaliyopakana. Mpaka ni mstari wa minyaa uliopandwa na marehemu baba yao. Miaka sita iliyopita, msimu mmoja wa mvua, minyaa ile ilitembea hatua mbili. Kila mmoja anasema ilitembezwa na mwenzake. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawa jembe walilichukua wenyewe, na bado kile kipande kinaota magugu. Tangu hapo hawasalimiani. Hatua mbili, tena za mtu mfupi.

Mwaka huu bibi alitimiza miaka sabini na mitano, ikafanyika misa ya shukrani nyumbani kwake, na Judica akaenda kurekodi. Maximilian alikuja asubuhi, akasimama ubavuni kwa mama yake, kulia mwa picha, akashikwa mkono, akabarikiwa, akala. Aliposikia mdogo wake yuko njiani akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe mgonjwa. Isidori alikuwa amejibanza nyumba ya jirani akisubiri pikipiki ya kaka yake iondoke. Akaingia jioni, akasimama kushoto. Bibi alikaa kwenye kiti kilekile kutwa nzima. Kamera nayo haikusogea, maana Judica alikuwa ameifunga miguu kwenye mawe kwa ajili ya upepo wa mlimani.

Wiki iliyofuata bibi alipanda gari mpaka Katesh.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu Judica. Mimi nimezaa wawili. Ukutani ninaye mmoja mmoja. Niwekee wote pamoja, kabla sijaitwa."

Hakusema zaidi. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Judica akaanza na maski. Alimchora Isidori siku mbili nzima, sikio kwa sikio, akamtoa jioni akampeleka asubuhi, ubavuni kwa mama yake. Kwangu mimi ilipendeza. Bibi alipokuja kuiona, alivaa miwani, akatazama kidogo tu.

"Kivuli cha Maximilian kinaelekea zizini. Cha Isidori kinaelekea bandani. Jua la Nangwa ni moja, mwanangu."

Mgombea na kamati yake nzima hawakuwahi kuiona ile miavuli mitatu, lakini mwanamke aliyelima miaka sitini huwezi kumdanganya kuhusu jua.

Basi akagawa skrini. Nusu ya kulia asubuhi, nusu ya kushoto jioni, mstari katikati, akaulainisha usionekane sana. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu wa Haydom tu angelifanya, asiyewajua watu wa Nangwa: aliituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kuomba maoni.

Siku ya mnada, Maximilian aliingia bila hodi.

"Huo mstari umeuweka kwa kipimo cha nani?"

"Shikamoo baba. Ni katikati."

"Katikati gani? Upande wangu umemegwa. Bega langu limebanwa, yeye ana nafasi mpaka ya kuku kupita."

Kabla hajajibiwa, Isidori naye alitokea mlangoni, simu mkononi, na malalamiko yaleyale yakiwa yamegeuzwa. Walipoonana walisimama kama watu waliokutana na nyoka njiani. Miaka sita hawakuwahi kuwa ndani ya chumba kimoja, na chumba chenyewe ni changu, hatua nne kwa tatu.

"Shikamooni," Judica akasema.

"Marahaba," wakaitika pamoja, wakachukizwa.

Mtasema natia chumvi, lakini futi yangu ya kupimia nguo huwa naivaa shingoni, na Maximilian aliichomoa pale bila kuniangalia. Akaiweka kwenye kioo cha kompyuta. Isidori akashika ncha ya pili, maana hakumwamini. Wakapima. Wakapata sentimita kumi na saba kila upande. Wakapima tena. Isidori akadai tuite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Mwenyekiti wa kitongoji, aje aamue mpaka ndani ya kompyuta! Niliona haya kwa niaba ya ukoo wao mzima.

Judica hana subira nyingi, na ile aliyokuwa nayo ilikuwa imeishia kwenye sikio la Isidori. Akashika kipanya, akaivuta picha karibu, ikawa kubwa, ikawa kubwa zaidi, mpaka mabega yao yakatoka nje na kioo kizima kikajaa uso wa mama yao.

"Haya, pimeni. Mstari mnaougombania unapita hapa."

Ulikuwa unapita kwenye pua. Jicho la kulia la picha lilikuwa la asubuhi: kavu, linacheka, la mtu anayetegemea wageni wote watafika. La kushoto lilikuwa la jioni. Lilikuwa jekundu, limevimba, na chozi limefika shavuni. Mdomo wenyewe nusu ulikuwa umepanda na nusu umeshuka. Kwenye simu haukuonekana. Pale ulionekana mpaka nikaacha kukanyaga cherehani.

"Nikiusogeza kwako, baba, nachukua jicho hili," Judica akamwambia Maximilian, kisha akamgeukia Isidori. "Nikiusogeza kwako, nachukua lile. Semeni."

Feni ilinguruma. Isidori aliachia ncha ya futi.

"Kwani jioni alilia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa umemshika mkono," Judica akamjibu. "Unaniuliza mimi?"

Hawakukumbatiana; mwenye hamu ya hayo akaangalie tamthilia. Maximilian aliikunja futi yangu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akauliza kama kuna namna ya kuuondoa mstari kabisa.

"Ipo," Judica akasema. "Msimame wote kwa wakati mmoja. Maski ya kazi hiyo sina."

Jumapili, baada ya misa, alibeba kamera akaenda Nangwa. Walisimama, mmoja kulia na mmoja kushoto, wamekauka kama nguzo za umeme. Shauri la minyaa halijaisha mpaka leo, msijidanganye. Lakini bibi aliwashika mikono wote wawili na hakuwaachia, hata Judica alipomaliza na kuanza kufunga mizigo.

Picha ile iko ukutani. Na kwa kuwa sifa za Judica zimefika mbali, hakuna jirani anayeiamini. Wanakuja, wanasogelea, wanatafuta mstari, wanacheka: Bibi, huyu binti wa Katesh amekuunganishia vizuri. Zamani ningesema ndiyo malipo ya mwongo.

Bibi Efrazia habishani nao. Anaweka kidole chini kabisa, kwenye miguu.

"Tazameni vivuli," anasema.

Viko vitatu, na vyote vinaelekea zizini.