Shayiri kwenye Keki ya Nguia

Mjukuu wangu Nguia alitimiza miaka minne siku ya Alhamisi, na keki yake niliiharibu mimi. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, kwa sababu jirani yangu Ghalia anayasimulia anavyotaka yeye.

Miaka miwili ya mwanzo mtoto huyu alikuwa mifupa na tumbo tu. Kila alichokula kilimtoka. Nililala naye kifuani nikisikiliza kama bado anapumua. Ndipo daktari wa zahanati ya kambi yetu ya wakimbizi akasema kinachomuumiza ni ngano, asiiguse hata chembe, si mkate si kuskusi, maisha yake yote. Tukamwondolea, akanenepa, akaanza kukimbiza mbuzi.

Mama yake, Suelma, mke wa mwanangu, anafundisha shule hadi alasiri. Siku hiyo alitaka kuomba ruhusa apike keki yeye. Nikakataa. Nikamwambia matofali ya jiko hili niliyafyatua mimi wanaume wakiwa vitani, nikalea watoto sita humu, leo keki itanishinda? Akaniachia unga wa mchele, mayai matatu, tende na maziwa ya mbuzi.

Unga wa mchele haushikani. Niliukoroga ukawa kama uji wa mgonjwa, mweupe, hauna harufu. Nikaingiwa na hofu. Nguia alikuwa ameshawatangazia watoto wote kwamba bibi anampikia keki kubwa, na mama zao wangekuja kuiangalia. Basi nikachota viganja viwili vya unga wa shayiri ya kukaanga, ule tunaoukoroga na maji na sukari tukanywa. Kilichokatazwa ni ngano. Shayiri ni chakula cha mama yangu na bibi yangu, wamevuka nayo jangwa. Rojo likashikana vizuri. Nikampa Nguia kijiko cha mbao alambe, akatoka nacho nje.

Keki ilipoiva, harufu ikamleta Ghalia. Ana mwana mwenye maradhi hayohayo, na ulimi wake haujui kupumzika. Akainama juu ya sufuria, akanusa, akanitazama.

"Mneina, umetia shayiri humu?"

"Kidogo. Shayiri utanifundisha wewe?"

"Shayiri nayo hawali, dada. Ni sawasawa na ngano."

"Nani kasema?"

"Karatasi hiyo nyuma ya kichwa chako. Mwaka wa pili huu inakutazama."

Karatasi hiyo ya vyakula vilivyokatazwa Suelma aliibandika ukutani siku aliyotoka zahanati. Sikuwahi kuisoma. Niliona ameibandika kwa ajili yangu, kama vile mimi ni mtoto. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la akina mama, herufi kwa herufi, na sipendi kusoma mbele ya mtu. Nikaigeukia, nikaweka kidole. Ngano. Nikasogeza kidole. Sha. Yi. Sikufika mwisho wa neno.

Nikakumbuka kijiko.

Sijui nilitokaje. Nguia alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi la maji, kijiko kimelambwa hadi mpini. Nikamsukutua mdomo, nikamnywesha maji, nikamshika tumbo. Akacheka, akasema namtekenya.

Keki tukawapa mbuzi. "Ubishi umekwisha?" Ghalia akasema. "Haya, tupike." Akaleta sufuria na chekecheo anavyomtengea mwanawe, na mayai ya kuku wake, kwa kuwa vyombo vyangu vyote vimezoea shayiri. Akanipondesha tende mpaka zikawa laini kama siagi, maana hizo ndizo zinazoushika mchele. Keki ya pili ikatoka fupi, imepasuka katikati, lakini ukiionja inayeyuka mdomoni.

Suelma aliporudi wanawake walikuwa wameshakaa, chai iko kwenye makaa. Ghalia akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Ningeweza kunyamaza na mimi. Lakini tumbo la mtoto likichafuka mama yake atatafuta sababu wapi? Atadhani hata mchele sasa unamdhuru, amwondolee na huo.

"Suelma," nikasema mbele yao wote, "nimemlambisha mtoto shayiri. Kijiko kizima. Karatasi yako sikuisoma."

Chai ikachemka ikamwagikia makaa, hakuna aliyeinuka.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Kabla ya adhuhuri."

Akamvuta Nguia akampapasa tumbo. Kisha akasema, "Afadhali umesema, mama." Sikujua kama ana hasira.

Nguia alikula vipande viwili akalamba na vidole. Kila alipojishika tumbo mimi nilisimama.

Kesho yake tumbo lilimkata, akaharisha siku mbili. Nilimbeba mimi, nikamfulia mimi. Hakuna aliyenilaumu, na heri wangenilaumu. Siku ya tatu asubuhi akaamka anadai keki. Suelma akachukua mfuko wa unga wa mchele, akauweka mbele yangu.

"Mpikie, mama," akasema. "Mimi nachelewa shule."